Kigunduzi cha ukungu, joto la beringi au joto la oili inayorushwa: kipi kiilinde injini yako kubwa ya dizeli?

Saa tisa usiku, siku moja baada ya kuondoka Salalah tukielekea Mombasa, injini kuu ya meli yetu ilijizima yenyewe. Ilikuwa injini ya mipigo minne, silinda 8 za mstari, na meli haikuwa na nyingine ya kuisukuma. Kwenye skrini paliandikwa ukungu wa oili, kiwango cha juu. Oila wa zamu, yaani msaidizi wa mafundi wa injini, kijana wa Mombasa mwenye bidii, alishaokota spana na kuniuliza, "Kaka, nifungue mlango wa krenki nichungulie?"

"Weka spana chini, mdogo wangu. Toka upande huo, njoo huku kwangu."

Tulingoja zaidi ya dakika ishirini, meli ikiyumba pembeni kwa mawimbi ya Kusi. Tulipofungua na kupapasa beringi moja baada ya nyingine, hakuna iliyoungua. Tulichokikuta ni matone ya maji ndani ya bomba linalonyonya sampuli ya hewa kutoka kwenye kasha la krenki, yaani sanduku la chini la injini ambamo mhimili wake huzunguka, na kuipeleka kwenye kigunduzi. Feni ya kupoza chumba cha mitambo ilikuwa ikipuliza hewa moja kwa moja juu ya bomba lile, mvuke ukapoa humo ndani, kigunduzi kikaona ukungu usiokuwepo.

Tangu usiku ule, mtu akiniuliza anunue kifaa gani cha kulinda injini yake, simjibu kwa jina la kampuni. Humuuliza kwanza: unataka kukamata kosa gani, likiwa limefika hatua gani, na nani atakisafisha kifaa hicho? Vifaa hivi huorodheshwa pamoja kana kwamba vinafanya kazi moja. Havifanyi kazi moja.

Kinachotokea ndani ya kasha

Injini inapofanya kazi, oili hurushwa kila upande ndani ya kasha la krenki. Hayo ni matone makubwa, na peke yake hayalipuki. Hatari huanza sehemu moja ikipata joto lisilo la kawaida: beringi iliyokosa oili, pistoni inayokwaruza ukuta wa silinda, mnyororo au gia iliyokaa vibaya. Oili ikigusa chuma chenye joto la nyuzi 200 hivi na zaidi hugeuka mvuke. Mvuke ule ukikutana na hewa yenye ubaridi kidogo ndani ya kasha, hugeuka chembe ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya mikroni 10, nyeupe kama moshi wa ubani. Ukungu huo ukifika takriban miligramu 50 kwa kila lita ya hewa, unaweza kuwaka, na kiberiti kipo tayari: chuma kilekile kilichoutengeneza.

Mlipuko wa kwanza husukuma milango. Valvu za usalama kwenye kasha hufunguka na kutoa msukumo. Baada ya hapo ndani huwa na upungufu wa hewa, na kama valvu haikufunga vizuri au mlango umepasuka, hewa mpya huingia kwa nguvu na kulisha mlipuko wa pili, ambao aghalabu huwa mbaya kuliko wa kwanza. Ndiyo maana mwenye kuufungua mlango mapema anafanya kazi ya ule ufa kwa mikono yake mwenyewe.

Somo hili lililipiwa kwa maisha ya watu. Tarehe 11 Septemba 1947, meli ya abiria Reina del Pacifico ilikuwa kwenye majaribio ya baharini karibu na Belfast, baada ya kukarabatiwa kutoka kazi ya kubeba wanajeshi wakati wa vita. Makasha ya krenki ya injini zake yalilipuka, watu 28 wakafa. Chanzo kilikuwa pistoni iliyopata joto kupita kiasi. Naomba msomaji alishike neno hilo, pistoni, kwa sababu litaamua mengi mbele. Haikuwa beringi.

Sheria inakupa nafasi ya kuchagua

Kwa meli ambazo chumba cha mitambo hukaa bila mtu kwa vipindi, mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, sura ya II-1, kanuni ya 47, unataka kila injini ya kilowati 2,250 na kuendelea, au yenye silinda za kipenyo kinachozidi milimita 300, iwe na kigunduzi cha ukungu wa oili, au vipima joto vya beringi, au kifaa kingine kinacholingana navyo. Neno "au" ndilo linalowachanganya wanunuzi. Mtu husoma "au" akadhani kimoja ni sawa na kingine, basi akachukua cha bei nafuu.

Valvu za usalama ni habari nyingine. Hizo zinatakiwa kuanzia silinda za milimita 200 au kasha la ujazo wa mita 0.6 za ujazo, na zisingoje msukumo unaozidi bar 0.2 ndipo zifunguke. Hazikuonyi kitu. Zinapunguza madhara baada ya jambo kutokea, na hakuna kifaa kati ya hivi ninavyovilinganisha kinachochukua nafasi yake.

Vituo vya umeme vya nchi kavu havifungwi na SOLAS. Huko wanaoamua ni mtengenezaji wa injini na kampuni ya bima. Lakini injini ni zilezile. Kipevu III ya Mombasa, kituo cha megawati 120 kilichoanza kazi mwaka 2011, inatumia injini za Wärtsilä za aina ya 46, yaani silinda za kipenyo cha milimita 460, kama zinazosukuma meli kubwa. Ukungu haujui kama uko baharini au bara.

Kama unachomiliki ni jenereta ya hoteli, kwa mfano Caterpillar 3516 ambayo silinda zake zina kipenyo cha milimita 170, mengi ya makala haya hayakuhusu. Hakikisha kihisi cha msukumo wa kasha la krenki kinafanya kazi, pamoja na kile cha msukumo wa oili, kisha endelea na shughuli zako.

Ukungu: kunyonya au kukaa papo hapo

Hapa ndipo fedha nyingi hutumika, na hapa ndipo nimeona makosa mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni kunyonya. Mfano wake unaojulikana sana ni Visatron, inayotengenezwa na Schaller Automation ya Ujerumani. Mabomba membamba hutoka kwenye kila chumba cha kasha, yakaungana na kupeleka hewa kwenye kichwa kimoja cha kupimia. Kinachonyonya ni hewa iliyobanwa kutoka kompresa, ikipita kwenye tundu jembamba na kuvuta ya pembeni. Hakuna mota wala pampu. Kwenye kichwa, mwanga wa infraredi hupitishwa katikati ya sampuli, na kifaa hupima kiasi gani cha mwanga kimezuiwa. Toleo la VN 115 linakuambia kuna ukungu, basi. VN 116 linakuambia ni nusu ipi ya injini. VN 215 likipata ukungu huanza kutafuta chumba kwa chumba hadi likuonyeshe umetoka wapi.

Njia ya pili ni kuweka vichwa vyenyewe juu ya injini, kimoja kwa kila chumba. Mfano ni Graviner Mk6, ya Uingereza. Humu hakipimwi kivuli, hupimwa mwanga unaotawanywa na chembe za ukungu. Kila kichwa kina anwani yake, na vyote hutuma habari kwenye boksi lililoko chumba cha kuongozea. Mfumo mmoja unaweza kubeba vichwa 64 kwenye injini hadi nane.

Tofauti ya kwanza ni kuchanganyika. Chukua injini ya V yenye silinda 18. Konrodi mbili, yaani fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, hukaa kwenye pini moja ya krenki, kwa hiyo kasha lina vyumba 9. Mfumo wa kunyonya unachanganya hewa ya vyumba vyote 9 kabla ya kupima. Ukungu uliozaliwa chumba kimoja hufika kwenye kichwa ukiwa umezimuliwa na hewa safi ya vyumba vinane. Mtengenezaji analijua hilo na anakifanya kichwa kiwe chepesi sana kuhisi, na kweli kinahisi. Lakini wepesi huohuo ndio uliotusimamisha kusini ya Salalah: kichwa kinachoona ukungu mwembamba kinaona pia unyevu mwembamba. Kichwa kilichokaa chumbani kwake hakina haja ya kuwa na wasiwasi kiasi hicho.

Tofauti ya pili ni mabomba. Mfumo wa kunyonya unataka mabomba yateremke bila kupinda kuwa kama bakuli, maana oili na maji hutuama kwenye kila bonde. Unataka hewa ya kompresa iwe kavu na safi. Pwani yetu, kwa unyevu huu wa hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja, kompresa ambayo haimwagwi maji kila zamu ni adui wa Visatron. Kichujio kidogo cha hewa kikiziba, unyonyaji hupungua na kifaa hulalamika. Mara nyingi nimeitwa kutazama "kigunduzi kibovu" nikakuta kigunduzi kizima na tangi la hewa lililojaa maji.

Lakini njia ya vichwa nayo ina gharama zake, na wauzaji hawazisemi kwa sauti. Kila kichwa kina lenzi ya kusafisha na feni ndogo ya kuvuta hewa, na vyote hivyo vimekaa juu ya chuma kinachotetemeka usiku na mchana. Kwa hesabu ya mfano tu: kituo chenye injini 7 za silinda 18 kinahitaji vichwa 63 kwa vyumba vya krenki peke yake, bila kuhesabu sehemu ya gia. Hivyo ni vichwa 63 vya kusafisha, kebo 63 za kukagua, na anwani 63 ambazo fundi akikosea moja baada ya kubadilisha kichwa, skrini itakuelekeza chumba namba 4 wakati moto uko namba 7. Mfumo mmoja ungekaribia kutosha, ila mimi nisingefunga injini saba kwenye boksi moja. Boksi likifa, zote saba zinabaki kipofu.

Faida kubwa ya vichwa, kwangu mimi, si kujua chumba. Ni mahali pa kusomea. Boksi liko chumba cha kuongozea, mbali na injini. Kigunduzi cha zamani kilichofungwa ubavuni mwa injini humvuta mtu: king'ora kinalia, fundi anakimbia kwenda kusoma namba, na anasimama palepale ambapo mlango utarukia. Ukiwa na Visatron, nunua kionyeshi chake cha mbali. Kinauzwa kando, na ndicho cha kwanza kukatwa kwenye oda watu wanapotafuta kupunguza bei. Usikikate.

Na huko kujua chumba, je, kuna thamani gani? Ipo, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa. King'ora cha ukungu kikilia, hatua ni ileile hata ukungu utoke wapi: ondoka karibu na milango, punguza mwendo au zima, ngoja. Kujua chumba kunakusaidia baada ya hapo, unapoanza kupapasa, na kunakusaidia sana kutenganisha king'ora cha kweli na cha uongo: chumba kimoja kikipanda peke yake, amini, vyote vikipanda pamoja polepole, anza na lenzi, unyevu na hewa. Kwa injini ya silinda 6, hata bila kujua chumba, utavipapasa vyote sita ndani ya muda mfupi. Kwa injini ya silinda 18, hapo nalipia bila kinyongo.

Kiwango cha kulia kisikutie shaka kwa upande wowote. Vigunduzi vilivyopimwa kwa kanuni za IACS, umoja wa mashirika yanayokagua na kuainisha meli, vinatakiwa kulia kabla ya kuvuka asilimia 5 ya kiwango cha ukungu kuweza kuwaka, yaani takriban miligramu 2.5 kwa lita. Kuna nafasi ya kutosha kati ya hapo na 50. Ila nafasi hiyo ni ya muda, na muda wenyewe unaweza kuwa dakika au sekunde, kutegemea kilichoharibika.

Vipima joto vya beringi

Kipima joto cha Pt100 ni waya mwembamba wa platinamu wenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi sifuri na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Hakina feni, hakina lenzi, hakinyonyi kitu. Kikiwekwa nyuma ya ganda la beringi kuu, kinakaa miaka. Ukitaka kifaa kisichohitaji mapenzi ya kila siku, ni hiki.

Uzuri wake ni kwamba kinaona kabla ya ukungu. Ukungu ni shahidi wa uharibifu ulioanza tayari. Chuma kimeshafika nyuzi 200 mahali fulani. Joto la beringi huanza kupanda mapema, na ukilinganisha beringi moja na wenzake, utaona ikiachana nao kwa nyuzi chache siku nzima kabla ya kuungua, kama uharibifu ni wa taratibu. Ndiyo maana king'ora kinachopima tofauti na wastani ni bora kuliko kinachongoja namba moja isiyobadilika. Injini inayokwenda nusu mzigo na beringi moja yenye nyuzi 8 zaidi ya wenzake ni mgonjwa, hata kama namba yenyewe bado iko chini ya mstari mwekundu.

Ubaya wake ni mbili. Beringi kuu hukaa palepale, ila beringi ya konrodi inazunguka na krenki, na huwezi kuivutia waya. Kwa hiyo mifumo mingi ya bei ya kawaida hupima beringi kuu tu na kuacha ile ya konrodi, ambayo ndiyo inayoteseka zaidi kwenye injini za mipigo minne. Ipo mifumo isiyotumia waya, kama Sentry ya Kongsberg, inayosoma kihisi kinachozunguka kwa mawimbi ya redio kutoka antena iliyofungwa ndani ya kasha. Ni kazi nzuri. Ni ghali pia, na kufunga kwake kunataka injini ifunguliwe.

Ubaya wa pili ni ule wa Reina del Pacifico. Kipima joto cha beringi hakioni pistoni. Pistoni ikikwama na kuanza kukwaruza, beringi zote zinaweza kusoma vizuri wakati kasha linajaa ukungu. Sheria inakuruhusu kutumia vipima joto vya beringi peke yake. Mimi nisingelala kwenye meli yenye injini za aina hiyo, pistoni zikichungulia moja kwa moja ndani ya kasha, bila kigunduzi cha ukungu.

Joto la oili inayorushwa

Hiki ndicho kifaa ambacho wengi hawakijui, na ndicho nakipenda zaidi kwa injini za mipigo minne za vituo vya umeme. Badala ya kufuata beringi inayozunguka, unaweka kipima joto kwenye ukuta wa kasha mahali ambapo oili iliyotoka kwenye beringi ya konrodi inarukia. Oili ile imetoka kugusa beringi muda mfupi tu uliopita, na imebeba joto lake. MAN, mtengenezaji wa injini ambaye sasa anaitwa Everllence, hukitoa kwenye injini zake kubwa za mipigo minne. Mfumo hulinganisha vyumba: chumba kimoja kikiachana na wastani wa wenzake kupita kiasi kilichowekwa, king'ora kinalia, kikizidi zaidi, injini inazimwa.

Kinaona beringi ya konrodi bila antena. Kinaona kwa sehemu pini ya pistoni na pistoni yenyewe, kwa kuwa oili inayoteremka kutoka huko inachanganyika na ile inayorushwa. Hakijali unyevu wa hewa. Hakina cha kuziba zaidi ya uchafu wa kawaida. Kuna jambo moja la kuangalia: mzigo unapobadilika ghafla, joto la vyumba halipandi kwa mwendo mmoja, na mfumo uliowekwa mkali mno utakulilia kila unapoingiza injini kwenye gridi. Fundi mwenye subira huusoma mwenendo wa injini yake kwa majuma machache kabla ya kukaza viwango.

Hakikamati kila kitu. Beringi kuu hukiponyoka, gia hukiponyoka. Kwa hiyo sikiweki badala ya kigunduzi cha ukungu. Nakiweka mbele yake, kama mlinzi wa geti la nje.

Kuchakaa kwa beringi kwenye injini ndefu za mipigo miwili

Kwa injini kubwa za mwendo wa polepole, zile za meli za makontena zinazopita Likoni kuingia Kilindini, kuna njia nyingine kabisa: kupima umbali. Vihisi viwili kwa kila silinda hufungwa chini, na kila krosihedi, yaani kiungo kati ya fimbo ya pistoni na konrodi, inapofika mwisho wa kushuka, hupima imebaki nafasi kiasi gani. Beringi kuu ikichakaa, au ya krenki, au ya krosihedi, zote tatu huishusha krosihedi. Kwa hiyo kipimo kimoja kinazijumlisha zote, kwa sehemu za kumi za milimita. AMOT na Kongsberg wote wanatengeneza mifumo hii.

Faida yake haihusu mlipuko peke yake. Zamani tulifungua beringi kila baada ya muda fulani ili tuzikague, na kila ufunguzi huleta nafasi ya uchafu kuingia au boliti kukazwa vibaya. Beringi iliyokuwa nzima imeharibiwa na ukaguzi mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Mfumo unaokuambia beringi haijashuka unakupa sababu ya kuiacha ilivyo. Kwa injini za mipigo minne zenye pistoni zisizo na krosihedi, usisumbuke nao.

Ningechagua nini

Kituo cha umeme cha injini za V, mafuta mazito, saa 24: joto la oili inayorushwa pamoja na kigunduzi cha ukungu chenye vichwa kwenye kila chumba. Kama injini zimekuja na Visatron kutoka kiwandani, usiitoe. Weka kikausha hewa kizuri kabla yake, kagua mteremko wa mabomba, zuia feni zisiyapulizie. Fedha uliyookoa, nunulia vipima joto vya oili inayorushwa.

Meli yenye injini moja ya mipigo minne: vichwa, bila kusita. Kwa injini za mwendo wa kati na wa kasi, kanuni za IACS zinataka ukungu uzime injini, si kupunguza mwendo tu. Nahodha anayepoteza injini akiwa katikati ya mlango wa Kilindini hana muda wa kusikia habari za matone ya maji. King'ora cha uongo hapo ni hatari yenyewe. Injini za polepole za mipigo miwili zinapunguzwa mwendo tu, kwa hiyo nahodha wake ana nafuu kidogo. Kwao, vichwa pamoja na mfumo wa kuchakaa kwa beringi ndio mchanganyiko ninaoupenda.

Meli ndogo ya ziwani au tagi yenye injini ya zamani ya silinda 6, bajeti finyu: kigunduzi rahisi cha kunyonya kisichotafuta chumba. Sisemi hivyo kwa kumdharau mwenye meli. Kifaa kimoja kinachotunzwa kinazidi vichwa sita ambavyo viwili vimezimwa kwa kuwa lenzi za akiba ziko bandarini zinangoja kutolewa. Kichwa kikizimwa "kwa muda", huwa kinakaa hivyo hadi meli ipande chelezo.

Unapoandika oda, usiishie kwenye kifaa. Taka kifaa cha majaribio kinachotoa ukungu halisi wa oili, maana kupulizia moshi wa sigara hakuthibitishi kiwango chochote, na mabaki yake hubaki kwenye lenzi. Taka kichwa cha akiba kimoja kwa kila injini. Taka fundi wa muuzaji aje awafundishe watu wa zamu, wakiwemo oila, wala si chifu, mhandisi mkuu, peke yake, kwa sababu saa tisa usiku chifu yuko kitandani.

Taka pia vibao vya onyo vya milango ya kasha. Kanuni zinavitaka viwepo, na mara nyingi huja kwa Kiingereza, herufi ndogo, rangi ikichubuka baada ya mwaka mmoja. Sisi tulivichonga upya Mombasa, kwenye bati la shaba, kwa lugha ambayo yule kijana wa spana angeisoma hata akiwa na hofu: USIFUNGUE. ZIMA INJINI, NGOJA DAKIKA 20, SIMAMISHA PAMPU YA OILI, USIJE NA MOTO.